Kadi ya michoro isiyopiga kelele: mwongozo kamili kwa anayecheza gemu kwenye joto la pwani

Asubuhi moja nikiwa bombani, mama wa chumba cha pili aliniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, halafu akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hiyo mashine ya kusaga unayowasha usiku, unasaga nini?" Sikuwa nasaga kitu. Ilikuwa kadi ya michoro, kile kipande cha kompyuta kinachochora picha za gemu, modeli ya RX 580 ya mtumba, feni zake zikizunguka karibu mara 2,900 kwa dakika kwenye chumba chenye joto la nyuzi 30, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu.

Watu huona mcheza gemu akibadilisha kadi wakadhani anatafuta fremu tu, yaani picha nyingi zaidi kwa sekunde. Wengi tunatafuta utulivu. Unataka kusikia hatua za adui nyuma ya ukuta, unataka mtu anayelala pembeni aendelee kulala, na unataka chumba kisigeuke tanuri ifikapo saa sita usiku. Mwongozo huu unafuata njia niliyopita mwenyewe, pamoja na makosa yangu. Sehemu kubwa yake haihitaji kununua kitu.

Kwanza elewa kelele inazaliwa wapi

Kila wati inayoingia kwenye kadi hutoka ikiwa joto. Haipotei, haigeuki picha. RX 580, watengenezaji wake AMD waliipangia wati 185, yaani ni kama umewasha balbu tatu za kizamani za wati 60 ndani ya sanduku la bati. Joto hilo lina njia moja ya kutoka: lipite kwenye mapezi ya alumini ya hitisinki, kile kipoza joto kinachokaa juu ya chipu, lichukuliwe na hewa inayosukumwa na feni. Wati zikiwa nyingi na hitisinki ikiwa ndogo, kazi yote inabaki kwa feni, na feni hulipa deni hilo kwa kelele.

Uhusiano wa kasi na kelele ni mkali kuliko watu wanavyodhani. Feni ileile ukiipunguza kutoka mizunguko 3,000 hadi 1,500, kelele yake hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu huona desibeli 10 kama nusu ya sauti. Kwa hiyo hatuhitaji muujiza. Tukikata wati chache na kuiongezea kadi hewa kidogo, feni inashuka ngazi moja na sauti inashuka ngazi tatu.

Tatizo si geni. Mwaka 2003 NVIDIA, kampuni nyingine ya kadi, walitoa FX 5800 Ultra yenye feni ya kelele kiasi kwamba wenyewe walitengeneza video ya kuitania, wakiifanya blowa ya kupulizia majani. GTX 480 ya 2010 ikaja na wati 250 na utani mwingi wa kukaangia mayai. R9 290X ya 2013 ilipangwa kiwandani ifanye kazi ikiwa kwenye nyuzi 95. Teknolojia imesonga, lakini hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Msake mpiga kelele

Usimhukumu mtuhumiwa kabla ya ushahidi. Chukua kile kirola cha karatasi kinachobaki ndani ya karatasi ya chooni, weka upande mmoja sikioni, upande wa pili uelekeze kwenye kasha la kompyuta bila kugusa chochote kinachozunguka. Pita taratibu: mbele, nyuma, juu, kwenye pawa saplai, kwenye feni za kadi. Utashangaa. Mimi niligundua robo ya kelele yangu ilitoka kwenye feni ya nyuma ya kasha, ya bei ya kutupwa, beringi imeisha.

Jifunze kutofautisha sauti. Mvumo wa upepo ni feni inayokwenda kasi, na huo unatibika. Mkwaruzo au kugonga-gonga ni beringi au waya unaogusa pangaboi za feni. Na kuna mlio mwembamba kama wa mbu au nyenje, unaopanda ukifika kwenye menyu ya gemu inayotoa fremu mia tano bila sababu. Huo ni mlio wa koili za umeme kwenye kadi zikitetemeka. Pesti mpya (ule ute wa kupitisha joto kati ya chipu na hitisinki) haitauponya wala feni mpya, ila kuweka kikomo cha fremu huupunguza sana.

Hatua ya 2: Pima, uandike

Pakua HWiNFO, programu inayosoma vipimo vya kompyuta. Cheza gemu moja, sehemu ileile, kwa dakika 30. Pungufu ya hapo hitisinki bado inapasha na namba zitakudanganya. Andika joto la kadi, joto la sehemu yenye moto zaidi ya chipu kama kadi yako inaionyesha, mizunguko ya feni, na wati. Kisha andika joto la chumba. Hili watu hulisahau, nalo ndilo linaloamua kila kitu huku kwetu.

Majaribio mengi ya kadi unayoyaona mtandaoni hufanyika kwenye vyumba vya nyuzi ishirini na kitu kidogo. Chumba kikipanda nyuzi moja, kadi nayo hupanda karibu nyuzi moja kwa kasi ileile ya feni. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Januari aongeze nyuzi 8 hadi 10 juu ya namba za majaribio, au ajue feni zitakimbia zaidi kufidia. Kadi iliyosifiwa kuwa "kimya" Ulaya inaweza kuwa ya kawaida tu Temeke. Wa Arusha mwezi wa saba anaweza kuruka aya hii.

Namba zenyewe usiziogope. Kadi kukaa nyuzi 70 hadi 80 ukiwa mchezoni si ugonjwa. Kinachotia shaka ni chipu kuwa nyuzi 75 huku sehemu yake ya moto zaidi ikiwa nyuzi 105. Pengo la kawaida ni nyuzi 10 hadi 20. Likizidi 25 au 30, pesti imekauka au hitisinki haikukaa sawa.

Hatua ya 3: Tiba za bure

Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo nawaomba mkae.

Anza na vumbi. Zima, chomoa, toa kadi, peleka kibarazani. Brashi laini ya rangi na blowa ndogo vinatosha. Shikilia feni kwa kidole unapopuliza, kwa sababu ikizungushwa na upepo wa blowa inaweza kuua beringi yake, na feni inayozunguka huzalisha umeme wa kurudi kwenye kadi. Kompresa ya gereji iache, mara nyingi hutema maji. Kwa mliokaa karibu na bahari, tazama pia mapezi na skrubu: chumvi ya hewa huacha unga mweupe na kutu. Ukiuona, futa mapema.

Kisha hewa ya kasha. Fungua ubavu wa kasha, cheza dakika 15, angalia namba. Joto likishuka nyuzi 5 au zaidi, kadi yako haina kosa, inakosa pumzi. Feni mbili za mbele zikiingiza hewa na moja ya nyuma ikitoa hutosha kwa watu wengi. Uingizaji ukizidi utoaji, vumbi hupungua kupenya kwenye nyufa. Kasha lenye kioo kitupu mbele ni zuri kwa picha, na hapo sifa zake ndipo zinapoishia. Liondoe pia kwenye kile kikabati cha meza chenye mlango. Nimeona mtu ananunua feni za bei mbaya huku kompyuta imefungiwa humo kama kuku.

Sasa kikomo cha fremu. Skrini yako ikiwa ya Hz 60, yaani inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, na kadi inatoa fremu 140, zaidi ya nusu ya kazi hiyo huioni, lakini joto lake unalilipia. Kwenye NVIDIA nenda kwenye mipangilio ya draiva (programu inayoendesha kadi), palipoandikwa Max Frame Rate, weka 60, au namba ya skrini yako ukipunguza 3 kama inatumia teknolojia ya kulinganisha fremu. Kwenye AMD, Radeon Chill hufanya kazi hiyohiyo. Kwa gemu nyepesi kama za mpira hatua hii peke yake inaweza kushusha wati kwa theluthi au zaidi. Ni dakika moja, na sijui kwa nini haiwekwi tangu kiwandani.

Mwisho, volti. Kiwanda huweka volti ya juu kidogo ili hata chipu dhaifu kuliko zote ifanye kazi. Yako huenda si dhaifu. Kwa NVIDIA za mfululizo wa 30 na 40, fungua programu ya MSI Afterburner, bonyeza Ctrl na F, utaona mstari wa volti na kasi. Angalia kwanza kadi yako hufikia MHz ngapi mchezoni. Chagua nukta ya 950 mV (milivolti), ivute hadi MHz hizo, kisha shusha nukta zote za kulia kwake zisiipite. Thibitisha kwa alama ya tiki. Kwa AMD, ndani ya programu ya Adrenalin kuna sehemu ya Tuning. Shusha volti kwa mV 25 kila mara, cheza, shusha tena.

RX 580 yangu ilikuwa 1,150 mV. Niliishusha hadi 1,060 siku ya kwanza kwa pupa, gemu ikaganda baada ya dakika kumi na skrini ikawa ya kijani. Nikarudi 1,085, ikatulia. Kuganda huko hakuunguzi kitu, unawasha upya tu na kurudisha hatua moja. Ila usiweke mpangilio ujifungue wenyewe kompyuta inapowaka mpaka umeujaribu siku kadhaa.

Asiyetaka kuhangaika na mstari achukue njia fupi: Power Limit, shusha hadi asilimia 80. Kwenye kadi nyingi kubwa hasara ya fremu ni ndogo kuliko unavyotegemea, kwa kuwa wati za mwisho ndizo zenye faida haba kuliko zote.

Baada ya haya yote kadi yangu ilitoka nyuzi 82 na mizunguko 2,900, ikaja nyuzi 74 na mizunguko 2,000. Mashine ya kusaga ikawa friji ya zamani. Bado, lakini si haba.

Hatua ya 4: Pesti na padi

Fanya hivi ikiwa kadi ina miaka mitatu au zaidi, au lile pengo la joto ni kubwa, na waranti imekwisha. Fungua skrubu za nyuma kwa kupishana kama unavyofungua nati za gurudumu. Usivute kwa nguvu: pesti kavu hushika, na waya za feni zimeunganishwa kwenye kadi. Ipashe kidogo kwa kucheza gemu kabla, itaachia.

Safisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea. Ile spiriti ya bluu ya jiko huacha mabaki, iache jikoni. Pesti mpya isambaze ifunike chipu yote, kwa kuwa chipu ya kadi iko wazi, haina kifuniko kama prosesa. Dawa ya meno haifai, hata kama kuna fundi anayekuapia.

Padi za memori, vile vipande laini vya kupitisha joto la memori ya kadi kwenda kwenye hitisinki, ndizo huponza watu. Unene wake lazima ulingane na wa zamani. Ukiweka ya milimita 2 mahali pa 1.5, hitisinki itakalia padi na kuacha chipu hewani, na joto litapanda badala ya kushuka. Pima kwa venia (kifaa cha kupimia unene) pale ambapo padi ya zamani haijabonyea. Nilifanya kosa hili kwenye kadi ya rafiki, nikafungua mara tatu usiku mmoja, naye amekaa pembeni akinitazama kama daktari aliyesahau mkasi tumboni.

Kwa nchi ya joto napendekeza karatasi ya Honeywell PTM7950 badala ya pesti, kama unaipata halisi. Huyeyuka ikipata moto na kujaza nafasi, haisukumwi nje kama pesti laini. Iweke kwenye friji dakika chache kabla ya kubandua plastiki yake, la sivyo itachanika.

Hatua ya 5: Ukiamua kununua

Usianze na jina. Anza na wati, kisha ukubwa wa hitisinki, kisha feni. Kadi ya wati 130 iliyovalishwa hitisinki nene ya sloti mbili na nusu itakuwa kimya hata kama chapa yake haina sifa. Kadi ya wati 320 hata ikiwa na feni tatu na taa za rangi zote itakitia joto chumba chako, kwa sababu hitisinki nzuri huondoa joto kwenye kadi tu. Chumbani linabaki.

Tazama jinsi vizazi vilivyoshusha wati. RX 6600 ni wati 132 na inaipita RX 580 kwa mbali. RTX 4060 ni wati 115, wakati RTX 3060 Ti yenye uwezo wa jirani yake ni wati 200. RTX 4070 ya wati 200 inacheza ligi moja na RTX 3080 ya wati 320. Hizo wati 120 za tofauti, kwa saa 4 kila siku, ni uniti 14 na ushei za umeme kwa mwezi. Kwangu kutoka RX 580 kwenda RX 6600 nilitegemea kuokoa uniti 6 tu za LUKU, sitakudanganya kuwa umeme ndio uliolipia kadi. Faida niliyoisikia zaidi ilikuwa ya UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati zisizofika 400. Zamani umeme ukikatika katikati ya mechi UPS ililia mara moja na kuzima, sasa napata dakika za kuhifadhi na kufunga vizuri.

Kuna mambo ya kukagua kabla ya kutoa hela. Pima nafasi ndani ya kasha kwa rula, kutoka bati la nyuma hadi feni za mbele. Kadi za feni tatu nyingi hupita milimita 300. Angalia pawa saplai ina waya wa pini 8 wa kadi, na usikubali kiunganishi cha kugeuza kutoka waya za diski. Sloti yenyewe hutoa wati 75, waya wa pini 8 hutoa 150. RX 6600 na RTX 4060 hutumia njia 8 tu za PCIe (muunganisho wa kadi na ubao mama), kwa hiyo kwenye ubao mama wa zamani wa PCIe 3.0 utapoteza fremu kidogo. Hilo halinikoseshi usingizi. Zote mbili zina memori ya GB 8, na kwa gemu mpya zenye picha nzito hilo litakubana mapema kuliko joto.

Kadi ya mtumba ina habari yake. Septemba 2022 Ethereum, sarafu ya kidijitali, iliacha uchimbaji wa kutumia kadi za michoro, na kadi nyingi mno zikamwagika sokoni. Kuchimbiwa si lazima kuwe kumeua chipu, ila feni zimezunguka mchana na usiku na padi zimepikwa. Muuzaji akikuambia "ilikuwa ya ofisini", tabasamu, halafu omba iwashwe. Kaa nayo dakika 20 dukani ikiendesha gemu au jaribio kama Unigine Heaven. Sikiliza feni kwa mizunguko ya chini, beringi mbovu hujitaja hapo. Tikisa pangaboi ya feni kwa kidole ikiwa imezimwa; ikicheza sana juu na chini, hesabu gharama ya feni mpya kwenye bei. Nusa. Chungulia kati ya mapezi kwa tochi ya simu. Ile RX 580 yangu sikuinusa.

Kama muuzaji hana pa kuiwasha, mshukuru uende duka la pili.

Hatua ya 6: Kufunga

Ukihama kutoka kadi za NVIDIA kwenda AMD au kinyume chake, safisha draiva za zamani kwa Display Driver Uninstaller ukiwa kwenye hali salama ya Windows. Zima, chomoa waya ukutani, gusa bati la kasha kuondoa umeme tuli. Fungua kile kibanio kidogo mwishoni mwa sloti kabla ya kuvuta kadi. Wengi wamekivunja kwa kukisahau. Ingiza mpya mpaka kibanio kilie, kaza skrubu, sukuma waya wa umeme mpaka mwisho. Kwa kadi kubwa zenye kiunganishi cha pini 16 hilo ni lazima kabisa: tangu RTX 4090 ya 2022 kuna viunganishi vilivyoyeyuka, na kuingia nusu ni moja ya sababu zake. Unganisha skrini kwenye kadi. Usicheke, hutokea.

Hatua ya 7: Kuitunisha ikae kimya

Kadi za sasa huzima feni kabisa zikiwa chini ya nyuzi 50 au 60. Raha tupu kwenye baridi. Kwenye chumba cha nyuzi 31, kadi hukaa palepale mpakani hata ukiandika tu barua, na feni zinaanza, zinazima, zinaanza, zinazima. Mlio unaokuja na kuondoka huudhi kuliko mvumo wa kudumu. Dawa ni kuipangia mstari wako: ama feni izunguke asilimia 25 hadi 30 wakati wote, au isubiri nyuzi 65 ndipo ianze. Nilichagua ya kwanza, siisikii.

Kutoka hapo panda taratibu: asilimia 40 kwenye nyuzi 65, 55 kwenye nyuzi 75, na juu ya 85 iachie iende inavyotaka. Ndani ya Afterburner kuna sehemu ya kuchelewesha feni isishuke mpaka joto limeshuka nyuzi kadhaa. Weka 4 au 5 ili isipande na kushuka kila mlipuko unapotokea kwenye gemu. Tafuta pia kasi ambayo feni zako huungurumisha bati la kasha. Kwangu ni karibu na 1,450, nikapanga mstari uruke eneo hilo upesi.

Rudia kipimo cha hatua ya 2, chumba kikiwa na joto lilelile, uandike pembeni ya namba za kwanza. Zangu kwa RX 6600 zilikuwa nyuzi 68 na mizunguko 1,300, na mama wa chumba cha pili aliniuliza kama kompyuta imeharibika. Vumbi napuliza kila baada ya miezi miwili, kiangazi kila mwezi. Kitu chenye kelele kuliko vyote chumbani sasa ni pangaboi la darini, nalo ni la mwenye nyumba.